Kuchora Duara: Sanaa ya Kujisimulia na Mtu Aliyeumia

Kwenye begi langu la hosteli kuna kauntabuku moja isiyo na noti za kozi yoyote. Ina michoro thelathini na moja ya kalamu nyeusi, na karibu yote ni ya shimo lilelile. Rumeti wangu aliifungua siku moja akitafuta noti za Saikolojia ya Elimu, akaifunga haraka kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani. Hakuuliza kitu. Jioni aliniletea chipsi mayai bila kuombwa, na kwa jinsi bumu lilivyokuwa limetuishia wiki ile, nikaelewa kwamba ameogopa.

Makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa yeyote hapa chuoni mwenye kauntabuku kama yangu, au anayelala chumba kimoja na mtu mwenye nayo.

Wengi wetu tunasema sanaa inaponya. Ukiuliza inaponyaje utaambiwa, "Inakusaidia kutoa ya moyoni." Kiukweli mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea. Niliyatoa ya moyoni mpaka kalamu zikaisha wino, na hali ikawa mbaya zaidi. Kilichonisaidia ni kitu kingine kisicho na mbwembwe kabisa: kupanga. Kuliweka tukio kwenye saa yake, mahali pake, pamoja na watu waliokuwepo, mpaka likakubali kuwa jambo lililopita.

Mimi ni wa Mpanda. Watu wakisikia Katavi wanafikiria hifadhi na viboko wa Mto Katuma, lakini mji wetu umekulia kwenye madini. Reli ile ya kutoka Kaliua ilivutwa na mkoloni mpaka Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi, si kwa sababu yetu. Siku hizi habari ya mjini ni dhahabu, na wanaoifuata chini ni wachimbaji wadogo kama alivyokuwa kaka yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili, siku duara alilokuwamo lilipotitia. Mimi nilikuwa juu. Nilikuwa nimeshika hotipoti ya ugali na mgebuka niliyotumwa na mama.

Sitasimulia zaidi ya hapo. Ila arobaini ilipopita, watu walirudi kwenye shughuli zao na mimi nikabaki na turubai. Mdomo wa lile duara ulikuwa umefunikwa kwa turubai, na siku ile upepo ulikuwa unalipiga. Basi kwa miaka, popote turubai likipigwa na upepo, iwe harusini, iwe kwenye mahafali, mwili wangu ulirudi pale: viganja vinatoa jasho, kifua kinabana, pua inanusa samaki. Kichwa kinajua kabisa niko harusini. Mwili hauna habari.

Hicho ndicho wanasaikolojia wanakiita kiwewe, na namna wanavyokieleza ilinisaidia sana, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kumbukumbu ya kawaida imefungwa kwenye wakati na mahali. Ukikumbuka siku uliyoripoti chuoni na godoro lako kichwani, unaikumbuka kama jambo lililopita. Ina tarehe, ina kabla yake na baada yake. Kumbukumbu ya tukio la kutisha mno hukaa vingine. Sauti, harufu, joto na hofu hushikamana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu sana, lakini uzi unaoziunganisha na "ilikuwa lini" na "ilikuwa wapi" unakuwa dhaifu. Ndiyo maana kitu kidogo kikigusa sehemu moja, zote zinaamka pamoja, na zinaamka kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Wapo wataalamu wanaoiita ile ya hofu na harufu kumbukumbu ya moto, na ile ya saa na mahali kumbukumbu ya baridi. Aliyeumia ana ya moto nyingi na ya baridi kidogo. Kazi ni kuzikutanisha.

Hao wataalamu ni Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na tiba waliyoijenga juu ya wazo hilo imejaribiwa jirani zetu hapa, Uganda. Inaanza na kamba. Kamba inatandikwa sakafuni, nayo ni maisha yako tangu ulipozaliwa. Palipokuwa na jambo jema unaweka ua. Palipokuumiza unaweka jiwe, kubwa au dogo, wewe ndiye unayejua. Ncha ya mbele inaachwa imekunjwa, kwa sababu hujafa bado. Halafu, kikao baada ya kikao, unasimulia kwa kufuata mpangilio wa kamba, na ukifika kwenye jiwe huruhusiwi kuliruka. Unaulizwa pole pole: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, na sasa hivi unapokumbuka mwili unafanya nini? Msikilizaji anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unasahihisha, unaongeza. Mwisho unakabidhiwa maandishi yale, wasifu wako wote, mkononi.

Katika makazi ya Imvepi walifanya hivyo na wakimbizi wa Sudan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Watu walikuwa 43. Kundi moja lilipata vikao vinne vya kusimulia namna hiyo, kundi la pili unasihi wa kawaida, kundi la tatu elimu tu juu ya kiwewe. Mwaka mmoja baadaye, waliobaki na maradhi ya kiwewe katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 29. La pili asilimia 79. La tatu asilimia 80. Najua mtu wa takwimu atanikumbusha kuwa watu 43 ni wachache, na yuko sahihi. Baadaye, huko Nakivale, walifanya na watu 277, Wanyarwanda na Wasomali. Safari hiyo unasihi nao ulifanya vizuri karibu sawa na masimulizi, kwa hiyo sidai kwamba kamba ina uganga. Kilichonivutia Nakivale ni kwamba wasikilizaji hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo.

Mimi sikuwa na kamba. Nilikuwa na kalamu.

Michoro tisa ya kwanza ni shimo jeusi tu. Nilikuwa nakandamiza mpaka karatasi inatoboka, na kila nikimaliza nalala vibaya kuliko jana. Hiyo ndiyo "kutoa ya moyoni" ninayoilalamikia. Nilipompelekea mnasihi wa hapa chuoni, mama mmoja wa makamo, hakusifia wala hakusikitika. Aliitazama, akauliza, "Mama ntilie alikuwa upande gani?" Sikuwa nimemtajia mama ntilie yeyote. Alijua tu kwamba machimboni lazima awepo.

Mchoro wa kumi nikaenda kumtafuta. Sasa hapa ndipo kuchora kunapotofautiana na kulia. Ukichora lazima uamue. Sufuria liko kushoto au kulia? Watu wamekaa au wamesimama? Kivuli kimelala upande gani? Mkono unauliza maswali ambayo hofu haijawahi kuuliza, na majibu yake ndiyo hiyo kumbukumbu ya baridi. Nilimpata. Alikuwa chini ya mti, maharage yanachemka, sahani zimepangwa juu ya benchi, tupu.

Nikaweka kalamu chini. Miaka yote ile nilikuwa naamini nilichelewa. Njiani nilisimama kutazama watu wakicheza drafti, na nilikuwa na hakika kwamba kaka alinisubiri akachoka, akashuka na njaa. Kwamba ningewahi, angekuwa juu anakula. Sikumwambia mtu, hata mama. Na hapa kwenye karatasi maharage hayajaiva, hakuna aliyekula, muda wa chakula bado.

Sisemi nimethibitisha kitu. Kumbukumbu ni yangu, na inaweza kunipendelea. Lakini ile hukumu niliyojikatia nikiwa mtoto wa kidato cha pili haikuwahi kuulizwa swali hata moja, na mchoro ule ndio ulioiuliza.

Kuna utafiti wa Marekani unaofanana na jambo hili, nao ulifanywa na wanafunzi wa chuo kama sisi. James Pennebaker na Sandra Beall waliuchapisha mwaka 1986. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, wengine tukio lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi ya wenzao, ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Baadaye Pennebaker alichunguza maneno yenyewe. Waliopata nafuu zaidi ni wale ambao, siku hadi siku, maneno ya sababu na ya kuelewa yaliongezeka katika maandishi yao: "kwa sababu", "sasa naona". Hadithi ilikuwa inasogea.

Sasa tuje kwa msanii, maana mpaka hapa nimeongea kama vile sanaa ni dawa ya kikohozi. Ukitaka kuona Mtanzania aliyelifanya jambo hili maisha yake yote, mtafute Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia Stockholm, na onyesho lake la kwanza lilikuwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka 1982 alichora picha yake mwenyewe akiwa Åkersberga, Sweden, uso mmoja wenye nyuso nyingine ndani yake. Mwaka 2022 makumbusho ya picha za watu mashuhuri ya London, National Portrait Gallery, iliinunua, ikawa picha ya kwanza ya kujichora ya msanii mwanamke mweusi kuingia katika hazina yao. Nimekaa miaka mitatu katika chuo cha Tanzania na jina lake sijalisikia darasani.

Baada ya Sweden aliishi Antwerp, Ubelgiji. Huko alivunjika kabisa kiakili, na alipoanza kunyanyuka, kati ya 1991 na 1992, alichora mfululizo aliouita Harusi. Una picha 84. Hiyo namba nimeifikiria sana. Picha moja ingetosha kama lengo ni kulia. Themanini na nne ni mtu anayezunguka jambo lake akilitazama kila upande mpaka alijue. Na hakuishia kwenye maumivu yake. Aliendelea hadi akaandika tasnifu ya udaktari juu ya sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha watu weusi, Chuo Kikuu cha Middlesex, 2012.

Kwa Kiswahili chetu wenyewe jambo hili si geni pia. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake, na kifo cha mkewe Amina kimo humo. Uganda, akina mama wenye VVU wa chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wako ni huu, ulizaliwa hivi, mimi mama yako nilikuwa napenda hiki. Walikuwa wanajisimulia huku wakijua wanaondoka. Mbele ya vile vitabu naona haya hata kuitaja kauntabuku yangu.

Lakini kusimulia peke yake hakutoshi, na ushahidi uko mkoani kwetu. Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo. Pamoja na wale wa Ulyankulu, Tabora, zaidi ya watu 160,000 wamekubaliwa kuwa raia, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 anaeleza kwamba kule makazini watu walikuwa wakiisimulia historia yao muda wote, na masimulizi ya watu tofauti yalifanana mno, kama somo ambalo wote wamelisoma. Waliojichanganya na wenyeji Kigoma mjini hawakusimulia hivyo. Sina haki ya kuwahukumu; simulizi la pamoja liliwashika watu wasisambaratike. Ila simulizi la wote halimuulizi mtu mmoja alisimama wapi.

Bibi mzaa mama ni wa Katumba. Ana sentensi zake za mwaka 1972, chache, na tangu tukiwa wadogo hazijabadilika hata neno. Likizo iliyopita, nikiwa nimejaa mambo ya kamba na mawe, nilimuuliza, "Bibi, usiku ule ulikuwa umevaa nini?" Alinyamaza. Kisha akasema, "Kitenge cha dada yangu." Mjukuu wake mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwahi kusikia kwamba bibi alikuwa na dada.

Usiku huo hakulala. Asubuhi mama alinivuta nyuma ya jiko: "Umemfanya nini bibi yako?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefungua jiwe la mtu bila kujua kulifunga, halafu siku mbili mbele nina tiketi ya treni. Wale wa Nakivale walifundishwa kwanza ndipo wakakaa na watu, na vikao vyao vilikuwa na ratiba. Mimi nilikuwa na udadisi tu. Nilimwomba bibi msamaha, akaniambia, "Hujanikosea. Ila ukianza, usiondoke."

Neno hilo lilinirudisha kwenye TP yangu. Nilifundisha Kiswahili kidato cha pili, na kama walimu wote nikatoa insha: "Siku Ambayo Sitaisahau". Mimi mwenyewe nilipewa insha hiyohiyo mwaka ule kaka alipofariki, nikaandika uongo mzuri sana kuhusu ziara ya kuona viboko, nikapata kumi na tatu kwa kumi na tano. Safari hii mwanafunzi mmoja hakudanganya. Aliandika kurasa tatu, kalamu imekandamizwa. Nikakaa na peni nyekundu mkononi, kuna "alafu" badala ya "halafu" mstari wa nne. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kusahihisha insha ile kwa kuangalia mtiririko, tahajia na hitimisho. Nilichofanya: sikuweka alama yoyote. Niliandika pembeni, "Nimesoma yote. Ukitaka kuongea nipo mpaka mwezi ujao, na mwalimu wa unasihi yupo hata nikiondoka." Kisha nikamuuliza kwanza yeye kabla ya kumwambia mwalimu huyo. Alikubali. Na tangu siku hiyo nikitoa insha natoa vichwa viwili, mtu achague.

Kwa wewe unayetaka kujaribu, niseme niliyojifunza kwa makosa. Usianzie kwenye tukio. Anzia kabla yake, asubuhi, mlikula nini, na usiishie kwenye tukio, chora na kilichofuata, hata kama ni watu wanakunja viti vya msiba. Jiwekee muda, dakika ishirini zinatosha, halafu funga kitabu uende ukafue au ukacheze mpira. Ukiona siku zinapita na kila ukurasa ni ule ule, mweusi, usingizi umeisha, acha kuchora peke yako. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Na ikiwa mawazo ya kufa yanakujia, hiyo si kazi ya kauntabuku hata kidogo. Mwamshe rumeti usiku huohuo. Jambo jingine: usiiweke status. Watu 200 wakiweka emoji ya kulia bado hakuna aliyekuuliza mama ntilie alikuwa upande gani.

Turubai bado linanishtua. Sasa linanishtua kama pikipiki inavyomshtua mtu yeyote, natazama, naona ni turubai, naendelea kula pilau.

Likizo ile ile, kabla sijapanda treni, nilimwonyesha mama mchoro mmoja, ule wa kaka amekaa juu ya mfuko wa mawe kabla ya kushuka. Aliushika muda mrefu, ukielekea dirishani. Nilidhani atalia. Akasema, "Kofia haikuwa nyeusi. Ilikuwa nyekundu, nilimnunulia mimi pale sokoni." Nimeshanunua kalamu nyekundu.